Mkoba wa uchunguzi wa ajali kazini: chukua vifaa, tupa fomu

Mkoba tunaoupitia hapa ni ule wa turubai la rangi ya chungwa, zipu tatu na mkanda wa begani, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama Dar es Salaam na kuvushwa kwa boti hadi bandari ya Malindi, Unguja. Nembo hubadilika kutoka duka hadi duka, lakini vilivyomo havitofautiani sana: tepu ya kuzuia watu ya mita 50, futi ya chuma ya mita 5, vibao vya plastiki vya namba 1 hadi 10, chaki, tochi, mifuko ya zipu 20, stika, glavu, kibao chenye klipu, na buku la fomu 50 zenye kaboni. Wanaoununua ni hoteli, wakandarasi na wenye maghala. Mara nyingi unaishia mikononi mwa ofisa mmoja aliyebandikwa usalama juu ya kazi zake nyingine tatu.

Kwa mwenye haraka: vifaa saba kwa kumi, fomu mbili kwa kumi. Na fomu ndiyo yenye kuamua kama ajali itarudi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maandishi haya ni ya fomu.

Vifaa

Tepu ni ya kawaida, nyekundu na nyeupe. Ndani ya ghala inafaa. Nje, upepo wa kusi ukishika kasi, hukatika, na kipande kilichobaki kinapeperuka bila kumzuia mtu. Ongeza kamba ya katani au nailoni ya mita 30, ifungwe kwanza kwenye miti au mapipa, tepu ije juu yake kama alama tu. Weka mpaka mbali kuliko unavyodhani unahitaji. Kitu kilichoanguka kutoka ghorofa ya pili kinaweza kuruka mita kadhaa, na msumari mmoja uliochomoka kwenye ubao ndio unaoweza kueleza habari yote. Kupunguza eneo baadaye ni rahisi. Kulipanua baada ya watu kupita na viatu hakusaidii tena.

Futi ya chuma itashika kutu. Haina ubishi, chumvi ya hewa ya pwani haina simile. Nunua futi ya kamba ya faiba ya mita 30 na hiyo ya chuma iache kwa vipimo vya karibu. Vibao vya namba ni vizuri, lakini havina rula pembeni, kwa hiyo picha ya ufa wa sentimita 2 itaonekana sawa na ya ufa wa sentimita 20. Rula ya skuli ya plastiki ya sentimita 30, ikilazwa kando ya kila kitu kinachopigwa picha, inamaliza tatizo.

Stika zilizomo ni kosa la mtu aliyepanga mkoba akiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kwenye joto na unyevu wa masika gundi inaachia, na siku ya tatu una mifuko sita isiyojulikana kipi ni kipi. Badilisha kwa kadi ngumu zenye tundu na uzi, uandike kwa penseli. Wino wa kalamu ukipata maji unatawanyika. Risasi ya penseli haitawanyiki.

Mifuko ya zipu nayo si ya kila kitu. Kamba iliyokatika, kipande cha ubao, nguo au chuma chenye unyevu ukikifungia kwenye plastiki, maji hayana pa kutokea, na ndani ya siku chache una ukungu au kutu mpya juu ya ushahidi. Vitu hivyo viende kwenye bahasha kubwa za kaki au boksi la karatasi. Plastiki iwe ya unga, mafuta na vimiminika.

Kwenye chuma kilichovunjika ndipo wachunguzi wengi wa huku wanapopoteza ushahidi bila kujua. Chukua mfano wa kulabu au pingu ya mnyororo iliyokatika kwenye gati ikiwa inanyanyua mzigo. Uso wa mpasuko una sehemu mbili. Ikiwa sehemu moja ni nyeusi au ya kahawia na nyingine inang'aa kama chuma kipya, basi ile nyeusi ni ufa wa zamani uliokuwa umeshaingia kutu kabla ya siku hiyo. Iliyong'aa ndiyo iliyobaki ikibeba mzigo peke yake mpaka ikashindwa. Maana yake kulikuwa na muda wa kuuona ufa ule, na swali la uchunguzi linahama kutoka kwa aliyenyanyua mzigo kwenda kwa ukaguzi wa vifaa vya kunyanyulia. Sasa, chuma kibichi karibu na bahari huanza kutu ndani ya saa chache. Ukisubiri kesho, nyuso zote mbili zitakuwa kahawia na hutaweza kusema lolote. Kwa hiyo piga picha ya karibu saa ileile, kwa mwanga wa tochi ulioshikwa pembeni, si wa mbele, ili mistari ya mpasuko itoe kivuli. Usisugue, usifute, na hasa usijaribu kuunganisha vipande viwili kuona kama vinaingiana. Kila mtu hufanya hivyo, na kila mara wanasaga alama ndogo zilizokuwa zinahitajika. Kifunge kikavu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu.

Kamba ni hivyo hivyo. Ukitaka kuitoa kwenye mti, ikate mbali na pale ilipokatika na ufunge uzi mwekundu kwenye ncha uliyoikata wewe, asije mtu baadaye akaichunguza ncha yako.

Tochi inatosha. Chaki hulowana. Kisichokuwepo kabisa ni kufuli ya kufungia swichi na kadi ya onyo ya kuning'iniza, na hilo ni pengo kubwa, kwa sababu kwenye ajali ya umeme jambo la kwanza ni kuzima na kuhakikisha hakuna mtu atakayewasha akidhani breka imejiruka yenyewe. Testa ya bisibisi haitoshi kukuhakikishia kwamba hakuna umeme. Tumia mita ya kupimia umeme, na ijaribu kwanza kwenye waya unaojua una umeme, kisha kwenye waya wa ajali, kisha rudi kwenye ule wa kwanza. Mita mbovu husoma sifuri kama waya uliokufa.

Kamera haimo na haihitajiki, simu inatosha. Picha ziende kwa mpangilio: nne kutoka pembe nne za eneo, halafu za kati, halafu za karibu zenye rula. Hakikisha saa ya simu iko sawa. Na zisipite kwenye grupu la kazi la WhatsApp. Picha ya jeraha la mtu ikifika kwao kabla ya simu ya msimamizi, umeshaharibu mazungumzo yote yatakayofuata na ndugu zake.

Fomu

Ukurasa wa kwanza unataja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na kuelekeza taarifa kwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Hiyo ni sheria ya Tanzania Bara. Usalama kazini si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Usalama na Afya Kazini, Na. 8 ya 2005, na wenye dhamana ni Idara ya Usalama na Afya Kazini. Ukurasa wa mwisho una sehemu ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao ni wa Bara vilevile. Huku fidia ina sheria yake. Hoteli ya Kiwengwa inayojaza fomu hii kwa uaminifu na kuituma kwa anuani iliyochapishwa imetuma taarifa kwa mtu asiyehusika.

Sehemu ya muda imeandikwa nukta mbili tu, bila kitu kingine. Msimamizi anaandika 3:00. Ni saa tatu asubuhi, au ni saa tisa alasiri kama saa ya simu inavyoonyesha? Kwenye ajali tofauti hiyo si ndogo: saa tatu asubuhi jukwaa ndio kwanza linapandwa, saa tisa fundi ameshafanya kazi kwa muda wa saa sita kwenye jua. Andika neno kamili, asubuhi, mchana, alasiri au usiku, halafu linganisha na saa ya picha ya kwanza.

Kosa kubwa lakini ni kisanduku kilichoandikwa "Sababu ya ajali". Kina nafasi mbili za kuweka tiki, "kitendo kisicho salama" na "hali isiyo salama", na mstari mmoja wa maelezo. Chini yake "Hatua iliyochukuliwa": onyo, mafunzo, nyingineyo.

Mgawanyo huu una umri mkubwa kuliko wengi wanavyojua. Mmarekani H. W. Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya bima, alitangaza 1931 kwamba asilimia 88 ya ajali husababishwa na vitendo vya watu, asilimia 10 na hali ya mahali, na asilimia 2 haziepukiki. Namba hizo zilitoka kwenye mafaili ya bima na taarifa za viwandani, na taarifa za viwandani zilijazwa na wasimamizi. Msimamizi akiulizwa nani amekosea, ni nadra ajiandike mwenyewe. Karibu miaka mia imepita na fomu ya mkoba huu bado inauliza swali lilelile kwa mtu yuleyule, na inapata jibu lilelile.

Mfano utaonyesha vizuri zaidi. Tuseme ni ujenzi wa hoteli upande wa mashariki, fundi wa plasta yuko juu ya jukwaa la miti, mita 3 kutoka chini. Ubao unavunjika, anaanguka, anavunjika mguu. Msimamizi anafungua buku: kitendo kisicho salama, hakuvaa mkanda wa kuzuia kuanguka. Hatua: onyo kwa mafundi wote. Imekwisha, dakika kumi.

Anza na mkanda. Mkanda unahitaji mahali pa kufungwa penye uwezo wa kumshika mtu anayeanguka. Kwenye jukwaa la miti iliyopigwa misumari hakuna mahali hapo; ukijifunga kwenye mti, unashuka na mti. Na mita 3 ni chini ya sekunde moja hewani, mtu anafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Kamba ya mkanda ya urefu wa kawaida, pamoja na kile kifaa cha kupunguza mshtuko kinachofunguka, ingemfikisha ardhini kabla haijamaliza kazi yake. Sababu iliyoandikwa kwenye fomu si sababu.

Sasa ubao. Futi inasema unene milimita 25, yaani inchi moja. Nafasi kati ya mihimili miwili iliyoubeba ni mita 2.1. Viwango vya Uingereza haviruhusu hata ubao wa milimita 38 uvuke zaidi ya mita 1.5 bila mhimili. Nguvu ya ubao kuhimili kupindwa hufuata mraba wa unene wake, kwa hiyo ubao wa inchi moja una robo tu ya nguvu ya ule wa inchi mbili wenye upana uleule. Pale ulipovunjika pana kifundo cha mti, na kando yake matundu mawili ya misumari yenye saruji ndani. Saruji hiyo inasema ubao ulishatumika kushikilia zege wakati wa kumwagwa. Juu yake kulikuwa na fundi wa kilo 70 na ndoo mbili za chokaa na saruji. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kama kilo 40. Jumla kilo 150 katikati ya ubao wa inchi moja wenye kifundo. Aliyekuwa juu angeweza kuwa fundi mwangalifu kuliko wote Unguja.

Kwa nini ubao mwembamba? Mbao za inchi mbili zilihamishiwa kwenye zege la sakafu lililomwagwa jana yake. Kwa nini? Mbao zilizoagizwa zilihesabiwa za zege tu. Kwa nini za jukwaa hazikuhesabiwa? Fundi wa plasta analipwa kwa mita ya mraba na mkataba wake unasema vifaa vya kupandia ni juu yake, naye hana mbao, anaokota zilizopo. Hapo umefika mahali ambapo kalamu ya mtu mmoja ofisini inaweza kuzuia mguu wa pili usivunjike.

Njia hii ya kuuliza kwa nini mara tano inahusishwa na Sakichi Toyoda na viwanda vya Toyota vya Japani, na ni nzuri, ila ina mtego wake: inakupeleka kwenye mstari mmoja. Rudi mwanzo uulize tawi la pili. Kwa nini hakuna aliyeuona ubao kabla ya kupandwa? Jukwaa liliinuliwa asubuhi hiyo na hakuna mtu aliyetajwa kulikagua. Na tawi la tatu: kwa nini kuanguka kulimaanisha kufika chini? Hakukuwa na mti wa kuzuia kiunoni. Matawi matatu, hatua tatu tofauti. Namba tano yenyewe haina utakatifu wowote. Simama pale unapofika kwenye jambo ambalo mwenye mradi ana mamlaka ya kulibadilisha, na usisimame kabla.

Buku la dukani halina nafasi ya hayo. Karatasi ya kawaida ya A4, iliyopigwa mistari kwa mkono, inashinda. Kinachotakiwa kuwemo ni hiki: nini kilitokea, kwa mpangilio wa muda, kuanzia angalau siku moja kabla, nini kilikuwa tofauti siku hiyo na siku nyingine, vipimo na mchoro, kila kizuizi kilichopaswa kuwepo na kwa nini hakikufanya kazi, halafu hatua, kila moja ikiwa na jina la mtu mmoja, tarehe, na kitu kitakachoonyesha kwamba imefanyika.

Neno "mtu mmoja" limewekwa makusudi. "Uongozi utahakikisha" maana yake hakuna.

Kwenye hatua, tazama zimeangukia wapi. Kuondoa hatari yenyewe ni bora kuliko kubadilisha kifaa, kubadilisha kifaa ni bora kuliko kuweka kizuizi, kizuizi ni bora kuliko maagizo, na kofia na mkanda ni vya mwisho. Kwa ubao wetu: plasta ya chini ya mita 2 ipigwe kutoka kwenye meza za chuma zisizo na haja ya jukwaa, mbao za jukwaa ziingizwe kwenye hesabu ya mradi, zipakwe rangi nyekundu kwenye ncha zote mbili, na marufuku kutumika kwenye zege, mti wa kiunoni mita 1 juu ya ubao na kizuizi cha miguuni cha sentimita 15, mtu mmoja kwa jina akague jukwaa kabla ya kupandwa mara ya kwanza, baada ya mvua kubwa au upepo, na kila siku 7. Rangi kwenye ncha za mbao ni kopo moja. Semina ya usalama kwa mafundi 40 ni gharama kubwa zaidi, na wiki ya pili nusu yao ni watu wengine.

Baada ya siku 30 nenda ukaangalie mbao, usiulize. Baada ya 90 nenda tena. Mara nyingi rangi ipo na mbao ziko kwenye zege.

Kuzungumza na walioona

Mkoba unakuja na karatasi ya maswali 12 ya kumwuliza shahidi. La nne ni "Kwa nini mfanyakazi hakufuata taratibu?" Ichane.

Vibarua wa ujenzi huku wanalipwa jioni, na wengi kesho hawarudi, hasa wakiona mwenzao ameumia na polisi wametajwa. Maelezo yao yachukuliwe kabla ya malipo ya siku, na namba ya simu iandikwe. Zungumza na mmoja mmoja, pale pale penye tukio kama ni salama, au chini ya mti, si ofisini kwa bosi na si barazani mbele ya wenzake. Usimsahau aliyeondoka zamu kabla ya ajali. Yeye ndiye anayejua jukwaa lilikuwaje asubuhi.

Unguja ni ndogo. Msimamizi anaweza kuwa mjomba wa shahidi, na muuza mbao ni shemeji wa mkandarasi. Hilo halikatazi uchunguzi, lakini wawili wanaouliza ni bora kuliko mmoja, na mmoja wao awe mfanyakazi aliyechaguliwa na wenzake. Salamu kwanza, na ziwe salamu kweli. Mzee wa miaka sitini anaitwa Mzee, hata kama yeye ndiye mchanganya zege na wewe ndiye mwenye kibao chenye klipu. Kisha: "Mzee, nieleze kazi ilivyokwenda tangu mlipoanza asubuhi." Na unyamaze. Akifika pale penye tukio mpe karatasi achore alikuwa amesimama wapi. Mchoro wa mkono hutoa mambo ambayo mdomo hauyataji, kama ngazi iliyokuwa upande wa pili kabisa wa jengo.

Wakati wa Ramadhani uliza muda wa kulala na wa daku kama unavyouliza hali ya hewa, kwa sababu ya kupanga kazi, si kwa ajili ya kumtia mtu hatiani. Kazi za juu ikibainika ziliangukia alasiri, hatua ni kuzihamishia asubuhi.

Mwisho msomee ulichoandika, kwa maneno yake mwenyewe. Akisema "ubao ulilia kwanza", andika ulilia. Ubao uliolia kabla ya kukatika ulikuwa unapinda muda, na pengine ulilia jana pia, na mtu mwingine aliusikia. Usiahidi siri ambayo huwezi kuitunza.

Pakiwa na kifo au jeraha kubwa, ukishamwokoa mtu na kuzima hatari, usiguse kitu kingine. Polisi na wakaguzi wa Idara wana kazi yao kwanza. Unachoweza kufanya ni kuzuia watu, kupiga picha kwa mbali, na kuandika majina ya waliokuwepo. Tangu sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka wakati wa ukarabati, tarehe 25 Desemba 2020, na kuua, hakuna mkandarasi mjini anayeweza kusema hajui kwamba jengo linalokarabatiwa nalo ni mahali pa kazi. Uchunguzi wa jengo kama lile ni wa wahandisi. Mkoba wa begani hauufikii.

Kwa Pemba na mashamba ya mikarafuu

Hapa mkoba unapoteza alama mbili nyingine. Umetengenezwa kwa sakafu ya kiwanda, na ajali kubwa ya shamba ni ya kuanguka kutoka kwenye mkarafuu. Mara nyingi hakuna mwajiri wa kujaza fomu. Kuna mwenye shamba, mkodishwaji, na wachumaji wanaolipwa kwa kipimo. Malipo ya kipimo ni sehemu ya uchunguzi, kwa sababu ndiyo yanayompeleka mtu kwenye matawi ya ncha penye vishada vingi.

Tawi la mkarafuu hukatika ghafla; halipindi kwanza. Kwa hiyo lililokatika lichukuliwe lenyewe, sentimita 30 kila upande wa mpasuko. Pima unene wake pale pale. Tazama ndani: mti mweupe mbichi, au kahawia mkavu, au njia za mchwa? Tawi lililokufa ndani likiwa na majani nje ni jambo la kukagua kabla ya kupanda, kwa kugonga na kuvuta kutoka tawi la chini. Tawi bichi na zima lililokatika ni habari nyingine; hapo uliza alibeba nini, na alikanyaga karibu na shina au mbali nalo. Umande na mvua viandikwe, maana gome likilowana linateleza.

Kimo usikadirie kwa macho, watu huongeza. Simamisha mti wa mita 2 kando ya shina, rudi nyuma mbali kadiri shamba linavyoruhusu, piga picha, halafu hesabu mti huo unaingia mara ngapi mpaka penye jeraha la tawi. Fanya siku hiyo hiyo. Msimu ukiwa umepamba moto, kesho asubuhi kuna mchumaji mwingine juu ya mti uleule, jamvi limetandikwa upya, na tawi limekwenda kuwa kuni.

Kwa shamba, acha vibao vya namba na tepu. Futi ya kamba, rula, penseli, kadi zenye uzi, gunia safi la kubebea tawi, na mti wa mita 2 wenye alama za rangi kila nusu mita. Vyote vinapatikana Chake Chake au Wete kwa safari moja ya dukani.

Ununue?

Hoteli yenye matawi kadhaa, au mkandarasi mwenye maeneo matatu kwa wakati mmoja, anunue, kwa sababu mkoba uliofungwa tayari haupotei kwenye kabati kama vitu vya kukusanya. Duka dogo la useremala Mwanakwerekwe lisinunue. Zunguka soko la Darajani asubuhi moja, utapata karibu kila kitu, na begi la skuli linatosha. Vyovyote vile, ongeza futi ya faiba, kamba, kadi, bahasha za kaki, kufuli na mita.

Uning'inizwe ndani, pasipo na jua wala upande wa bahari, na pasiwe kwenye chumba kinachofungwa na mtu mmoja mwenye ufunguo anayekwenda nyumbani saa kumi. Betri zikae nje ya tochi, kwenye mfuko wa zipu. Huo ndio matumizi bora tuliyoyaona ya mifuko ile. Kila miezi mitatu toa kila kitu, paka futi ya chuma mafuta kidogo, na tazama kama bahasha hazijaliwa na mende. Buku la fomu lina karatasi nzuri nyuma, nyeupe, isiyo na mistari. Ligeuze, uchoree humo.